Louis Kahn, msanifu aliyejenga kwa matundu

Lugha yetu haiupendi utupu. Debe tupu, twaambiwa, haliachi kuvuma. Mkono mtupu haulambwi. Na mwenye kuahidi asitende hana ila maneno matupu. Sisi tunaofundisha isimu twajua kwamba methali si kipimo cha hekima yote ya watu, lakini huonyesha fikra zao zimeegemea wapi. Hapa zimeegemea upande mmoja: kitu ni kile kilichojaa, na palipo wazi hapana kitu. Ndiyo maana mtu akilitazama jumba huhesabu ghorofa, kuta na nguzo. Tundu halihesabu. Dirisha kwake ni mahali ukuta ulipokosekana.

Mtu ninayetaka kusimulia maisha yake leo alilipindua wazo hilo, na ilimchukua takriban nusu karne ya umri wake kufanya hivyo. Louis Kahn alikuwa msanifu majengo wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1974, na wako wengi wanaomweka miongoni mwa wakuu watatu au wanne wa fani yake katika karne ya ishirini. Mimi si msanifu. Nimemsoma kama mtu wa lugha asomavyo mambo ya jirani. Lakini ninazo sababu mbili za kumleta katika ukurasa huu. Jengo lake kubwa kupita yote limo katika nchi maskini iliyotawaliwa na Waingereza kama yetu. Na sehemu muhimu ya somo lililomwezesha kulijenga aliipata hapa barani Afrika, jambo ambalo hata wanaomsifu hulipita mbio.

Alizaliwa Februari 1901 huko Estonia, iliyokuwa wakati huo ndani ya himaya ya Urusi, katika familia ya Kiyahudi isiyo na mali. Jina la Kahn familia ililitwaa baadaye ugenini. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu hivi aliyaona makaa ya moto, akavutiwa na rangi ya mwanga wake, akayatwaa na kuyapakata katika nguo aliyovaa. Nguo ikashika moto. Aliponea chupuchupu, ila makovu ya uso na mikono aliingia nayo kaburini. Mwaka 1906 mama na watoto walimfuata baba Philadelphia, Marekani, wakawa watu wa kuhamahama katika nyumba za kupanga. Inasimuliwa kwamba penseli zilikuwa anasa kwao, na mtoto akachora kwa vijiti vilivyochomwa vikawa mkaa. Kipawa kilionekana mapema. Akapata pia kujifunza kinanda, na alipokuwa kijana alijipatia riziki kwa kukipiga katika majumba ya sinema, enzi zile picha zilipokuwa hazina sauti.

Mwaka 1924 alihitimu katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania chini ya Paul Cret, Mfaransa aliyefundisha usanifu kwa desturi za zamani: kuta nene, nguzo, ulinganifu, uzito. Elimu hiyo ilionekana kuukuu karibu tu baada ya yeye kuipata. Mtindo mpya ulikuwa wa chuma na kioo, na wepesi ndio uliotukuzwa. Kisha ukaja mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, kazi zikatoweka. Kahn alikuwa amemwoa Esther Israeli mwaka 1930, na kwa muda mrefu mshahara wa mke ndio uliokimu nyumba, nao wakikaa kwa wakwe. Alichora nyumba za wafanyakazi, alihudhuria mikutano, alifundisha. Alipotimia miaka 49 hapakuwa na jengo lake hata moja ambalo mtu angesafiri kwenda kulitazama.

Mwaka huo, 1950, alipata nafasi ya kukaa miezi kadhaa Roma katika Chuo cha Kimarekani kilichoko huko. Kutoka Roma alizuru Ugiriki na Misri, akachora kwa chaki za rangi mahekalu na piramidi. Waandishi wengi huueleza wakati huu kama kwamba alipigwa na umeme. Mimi naona jambo la kawaida zaidi: mtu aliyefundishwa uzito akaambiwa uzito umepitwa na wakati, sasa amesimama mbele ya uzito wenyewe na kuona kwamba si uzito uliokuwa ukimvutia, bali kile kilichochotwa kutoka ndani yake.

Hebu tutazame Pantheoni, hekalu lililojengwa Roma yapata miaka 1,900 iliyopita. Kuba lake lina upana wa mita 43, na kileleni pana tundu la karibu mita 9 lisilo na kioo wala kifuniko. Mvua huingia. Jua nalo huingia, na duara la mwanga hutembea ukutani kutwa nzima. Tundu lile likizibwa, kuba litabaki na ukubwa uleule kwa vipimo, lakini kwa macho litakuwa kifuniko cha sufuria. Isitoshe, ukuta unaolibeba, wenye unene wa mita sita hivi, haukujaa kama unavyodhaniwa: umechongwa vishubaka na mianya ndani kwa ndani. Wasomaji wa pwani hawatashangaa. Katika nyumba za mawe za Lamu, chumba hakiwezi kupita urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, hivyo huwa chembamba. Lakini ukuta wa ndani ulipangwa zidaka safu juu ya safu, na vile vivuli vidogo vidogo dhidi ya chokaa nyeupe hukifanya chumba kionekane kina kina ambacho hakina. Kahn hakufika Lamu. Angefika angejionea kwamba mafundi wetu walilijua jambo hilo bila kulipa jina.

Katika somo la fonetiki huwataka wanafunzi wangu walitamke polepole neno kapu. Wafikapo kwenye sauti ya pili ya konsonanti, midomo hufungwa, hewa husimama, na kwa sehemu ndogo ya sekunde hapana sauti yoyote ile. Hata hivyo, kila mtu husikia p. Sikio haliusikii ukimya wenyewe. Lasikia jinsi irabu ya kwanza ilivyokatika na jinsi hewa ilivyopasuka baadaye, yaani lasikia kingo za ukimya, kisha hujenga konsonanti kutokana na kingo hizo. Jicho nalo hufanya vivyo hivyo mbele ya ukuta. Tundu lenyewe halionekani. Kinachoonekana ni unene wa ukingo wake, kivuli kinachoangukia humo, na mwanga unaotoka upande wa pili. Ukuta mwembamba haunao ukingo, kwa hiyo tundu lake huwa kama doa lililopakwa rangi. Hiyo ndiyo kasoro ya majumba ya ngozi ya kioo kama Lever House ya New York, iliyokamilika mwaka 1952 na kuigwa dunia nzima, Nairobi ikiwamo: hayana palipojaa wala palipo wazi, na jicho huteleza juu yake kama maji juu ya jani la mgomba.

Aliporudi Marekani Kahn alianza kwa hatua ndogo. Katika jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Yale, lililofunguliwa mwaka 1953, aliijenga dari ya zege kwa pembetatu zilizoinuka, tupu ndani, na mabomba ya hewa na nyaya za taa akazipitisha katika utupu huo badala ya kuzificha juu ya ubao wa bandia. Mwenzake ofisini, Anne Tyng, aliyekuwa hodari wa jiometria, alichangia sana mawazo hayo, na majina ya wanawake kama yeye yalichelewa mno kutajwa. Mwaka 1955 wakajenga karibu na Trenton, New Jersey, jengo dogo la kubadilishia nguo penye bwawa la kuogelea. Ni vibanda vinne vya mapaa ya mbao vilivyozunguka ua ulio wazi. Lakini tazama nguzo za pembeni: si nguzo ngumu, ni vyumba vidogo vya kuta za matofali, na katika uvungu wake mna njia ya kuingilia, vyoo au mitambo ya maji. Nguzo imekuwa mahali pa mtu kupita. Yeye mwenyewe baadaye alilihesabu jengo hilo dogo kuwa ndipo alipojigundua.

Sifa zilifika pamoja na maabara ya utafiti wa tiba ya Richards katika chuo chake cha Pennsylvania, iliyokamilika mapema katika miaka ya 1960. Minara ya matofali, mitupu ndani, inavuta hewa chafu na kupandisha ngazi. Kati yake ndizo maabara zenye vioo vipana. Kwa nje ni fahari tupu. Kwa ndani wanasayansi walilalamika. Mwanga ulipenya vikali, wakabandika karatasi na mifuko ya bati jembamba madirishani ili waweze kufanya kazi. Nawaelewa vyema. Ukumbi mmoja ambamo nimefundisha kwa miaka mingi una ukuta mzima wa kioo upande wa magharibi, na kuanzia saa tisa alasiri wanafunzi huubandika magazeti. Pengine hata gazeti hili limewahi kutumika kwa heshima hiyo.

Hapo ndipo Afrika inapoingia. Mwaka 1959 serikali ya Marekani ilimpa Kahn kazi ya kusanifu ubalozi mdogo mjini Luanda, Angola, iliyokuwa bado chini ya Wareno. Alikwenda akatazama. Aliona kwamba mng'ao wa jua ulifanya dirisha kuwa adui: mwenye kutazama nje alipofushwa, na ukuta wa kando ya dirisha ukaonekana mweusi kama chungu. Aliona pia kwamba watu walifanya kazi wakiwa wameuelekea ukuta, wapate mwanga uliokwisha kugonga mahali pengine na kulainika. Kutokana na hayo akapata wazo lake. Badala ya kuweka pazia, au chuma cha kukinga jua, asimamishe ukuta wa pili mbele ya dirisha, ukuta usio na kioo, wenye tundu kubwa lililokatwa humo. Jua lingegonga ukuta wa nje. Kati ya kuta mbili pangekuwa na hewa na kivuli. Na chumba kingepata mwanga uliopoa. Vilevile akatenga paa la jua na paa la mvua, upepo upite katikati. Magofu ya Roma, yale madirisha yasiyo na vioo ambayo hayana chumba nyuma yake, yakapata kazi ya kufanya: aliwaza kulivika jengo jipya gofu.

Ubalozi ule haukujengwa kamwe. Wazo halikupotea.

Nitayapita upesi majengo yaliyofuata, ingawa kila moja lastahili makala yake. Taasisi ya Salk huko La Jolla, California, iliyokamilika mwaka 1965, ina safu mbili za majengo ya zege na kati yake ua wa mawe uliotazama bahari. Kahn alinuia kupanda miti uani. Luis Barragán, msanifu wa Meksiko, akamshauri asiweke hata jani moja, naye akakubali. Ni mfereji mwembamba wa maji tu unaopita katikati. Katika maktaba ya shule ya Exeter ya mwaka 1972 kuta za zege za ndani zimetobolewa miduara mikubwa kiasi cha kuonyesha vitabu vya ghorofa kadhaa kwa mara moja. Na jumba la sanaa la Kimbell huko Fort Worth, la mwaka huohuo, lina mapaa ya zege yaliyopasuliwa mpasuko mwembamba kileleni, mahali ambapo kila fundi angedhani ndipo panapohitaji kuwa imara zaidi. Mhandisi aliyemwezesha kuthubutu hivyo, August Komendant, naye alitoka Estonia.

Mwaka 1962 serikali ya Pakistani ilitaka kuujengea upande wake wa mashariki, yaani Bengali, makao ya bunge mjini Dhaka. Msanifu wa nyumbani, Muzharul Islam, angeweza kuitwaa kazi ile mwenyewe. Akashauri apewe bingwa wa dunia, ili wanafunzi wake wapate cha kujifunzia. Ni wangapi kati yetu wangefanya hivyo? Kazi ikamfikia Kahn.

Alichokijenga ni hiki. Katikati, ukumbi wa bunge. Kuuzunguka, majengo manane ya ofisi, mkahawa na mahali pa kuingilia, yote yamesimama katika ziwa lililochimbwa kwa mikono. Kuta za nje ni za zege lisilopakwa rangi, na zimekatwa miduara, pembetatu na mistatili mikubwa kupita kimo cha mtu mara nyingi. Hayo matundu hayana vioo. Nyuma yake mna nafasi, na nyuma ya nafasi ndimo vilimo vyumba. Ni ukuta wa Luanda, sasa umekua ukawa mji. Ukilitazama kutoka mbali huoni madirisha wala huwezi kuhesabu ghorofa. Waona giza lenye umbo, kwa hiyo hujui ukubwa wake mpaka mtu apite chini. Kati ya ukumbi na ofisi pana njia ya kuzunguka iliyo wazi kutoka chini hadi juu, na mwanga hushuka humo kama unavyoshuka kisimani. Sehemu ya kuswalia, upande wa kusini, imepindishwa kidogo isilingane na mengine ili ielekee Makka, na pembe zake nne ni minara ya mviringo, mitupu, ambayo kazi yake ni kuleta mwanga.

Mashine zilikuwa chache. Maelfu ya vibarua, wanaume na wanawake, walibeba zege kwa vikapu kichwani juu ya majukwaa ya mianzi. Kwa siku waliweza kumimina kimo cha futi 5. Kahn hakuificha alama ya kila siku. Kila futi 5 aliweka mkanda wa marumaru nyeupe, hivi kwamba ukuta wote umeandikwa kalenda ya waliouinua.

Mwaka 1971 vita vya ukombozi vikazuka, kazi ikasimama. Wabengali husimulia kwamba marubani wa vita waliliacha jengo lile kwa kulidhania gofu la kale. Sina njia ya kulithibitisha, lakini ni hadithi inayomfaa. Bangladeshi ilipozaliwa, ilichagua kulimaliza. Wapo waliouliza, na bado wanauliza, iwapo nchi iliyotoka katika kimbunga cha mwaka 1970, vita vya 1971, na kuingia katika njaa ya 1974, ilikuwa na haki ya kutumia fedha kwa zege na marumaru. Swali hilo si la dharau, na mtu wa nchi yetu, aliyezoea kuona miradi ya fahari isiyomfaa yeyote, analiuliza kwa uchungu. Jibu langu ni kwamba jengo lile halikununuliwa tayari. Lilitengenezwa kwa mikono na mali ya mahali pale, hukinga jua bila kungoja umeme, na taifa changa lililoambiwa kwamba halina kitu lilipata kitu ambacho wajenzi wa nchi tajiri huenda kujifunza. Lakini sijidai kwamba mama aliyepoteza mtoto kwa njaa angelikubali jibu hilo.

Kahn mwenyewe alikuwa akizama katika madeni. Hakujua kuacha kuchora. Alibadili michoro hata baada ya msingi kuchimbwa, na ofisi yake ikala hasara. Nyumbani mambo hayakuwa shwari. Mbali na binti wa Esther, alikuwa na binti kwa Anne Tyng na mwana kwa Harriet Pattison, msanifu wa bustani, na familia hizo tatu ziliishi katika jiji moja bila ya kukaa pamoja. Sisemi hili kwa umbea. Mwana huyo, Nathaniel, aliyekuwa na miaka 11 baba alipofariki, alitengeneza filamu iliyoonyeshwa mwaka 2003 ambamo anazunguka dunia kutoka jengo hadi jengo akimtafuta. Mtu aliyejua kuliko wote thamani ya pengo aliacha mapengo ambayo hayakupitisha mwanga wowote, na anayemsifu kwa yale ya kwanza hana budi kuyataja haya ya pili.

Machi 1974 alikuwa akirejea kutoka Ahmedabad, India, alikojenga taasisi ya usimamizi, ya matofali iliyotobolewa matundu ya duara. Tarehe 17 moyo ulisimama katika choo cha stesheni ya treni ya Penn, New York. Alikuwa na miaka 73. Inasemekana anwani ya nyumbani katika pasipoti yake ilikuwa imefutwa, na siku mbili zikapita kabla ya jamaa zake kujua alipo. Madeni yalikaribia nusu milioni ya dola.

Wenzake wa ofisini waliendelea na kazi ya Dhaka, akiwemo Henry Wilcots, Mmarekani mweusi aliyekuwa ameishughulikia kwa miaka mingi na ambaye wasomaji wengi wanalisikia jina lake hapa kwa mara ya kwanza. Bunge lilikaa katika ukumbi mpya Februari 1982. Mwezi uliofuata jeshi likatwaa mamlaka, na ukumbi uliogharimu takriban miaka ishirini ukawa mtupu kwa maana ile mbaya ya methali zetu. Tuzo ya Aga Khan ya usanifu ililifikia jengo hilo mwaka 1989, wakati taifa lingali chini ya Jenerali Ershad, aliyeng'oka Desemba 1990.

Tarehe 5 Agosti 2024, wiki sita hivi baada ya vijana wetu kuingia katika Bunge la Nairobi, waziri mkuu Sheikh Hasina aliikimbia nchi, na umati wa Dhaka ukavuka maji na kuingia katika jengo la Kahn. Kesho yake bunge lilivunjwa. Kuta zimebaki jinsi zilivyokuwa, na mikanda ya marumaru ingali inahesabu siku za vibarua, futi 5 kwa futi 5.